ELIMU YA MAZINGIRA: Ziwa lenyewe ni darasa kwa wanafunzi wa Muhuru Bay

ZIWA Victoria ni kisima, ni shamba, ni barabara na ni mpaka kwa wakazi wa Muhuru Bay katika eneo bunge la Nyatike, Kaunti ya Migori. Maji ya matumizi ya nyumbani huchotwa humo. Karo na sare za shule hununuliwa kwa fedha za omena na mbuta waliovuliwa humo. Mashua za kuelekea visiwani, kikiwemo kisiwa kidogo cha Migingo, hung'oa nanga kutoka ufuo huo, na mwendo mfupi kuelekea kusini ndiko Kenya inakopakana na Tanzania.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi, hata hivyo, ziwa hilo ni kitu kingine pia. Ni maabara isiyolipiwa kodi, isiyohitaji umeme na isiyofungwa mlango. Swali linaloulizwa na wapenzi wa elimu katika kaunti za Migori na Homa Bay ni jinsi ya kuyaunganisha mafunzo ya ubaoni na yale yanayopatikana ufuoni, ili mtoto anayekua kando ya maji ajifunze kuyatunza kabla hajaanza kuyategemea kwa riziki yake.

Makala haya yanaeleza elimu ya mazingira ni nini, ilikotoka, nafasi yake katika mtaala wa Kenya, na namna ziara za nyanjani zinavyoweza kupangwa na shule isiyo na basi wala fedha nyingi.

Chimbuko la elimu hii

Elimu ya mazingira ilipata msukumo duniani baada ya Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira ya Binadamu uliofanyika Stockholm, Sweden, mwaka 1972. Mkutano huo ndio uliozaa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Mnamo Oktoba 1977, wajumbe wa serikali mbalimbali walikutana Tbilisi, Georgia, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, na kukubaliana kuhusu malengo ya elimu hiyo: kumpa mwanafunzi ufahamu, maarifa, mwelekeo mwema, ustadi na nafasi ya kushiriki katika kutatua matatizo ya mazingira.

Malengo hayo matano yanafaa kuzingatiwa kwa makini. Mawili ya kwanza yanaweza kupatikana ndani ya darasa. Matatu yanayofuata, yaani mwelekeo, ustadi na ushiriki, ni vigumu kuyapata kwa kunakili maandishi ya ubaoni. Hapo ndipo ziara ya nyanjani inapopata maana yake.

Kenya haikusubiri Tbilisi. Vyama vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 kutokana na juhudi za wanafunzi wenyewe, na vikawa vya kwanza vya aina yake barani Afrika. Kupitia vyama hivyo, vizazi kadhaa vya Wakenya viliiona mbuga ya wanyama kwa mara ya kwanza vikiwa vimevaa sare za shule. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, shirika lililowashirikisha akina mama na shule katika upanzi wa miti, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mnamo 2003, mwaka ambao elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa, mpango wa kimataifa wa Eco-Schools pia uliingia nchini kupitia shirika la KOEE.

Sheria nayo imeuweka msingi imara. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyounda Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyalinda. Umma hauwezi kushiriki katika jambo usilolielewa, na ndiyo maana safari hiyo haina budi kuanzia shuleni.

Nafasi yake katika mtaala

Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mada za mazingira zilitawanywa katika Sayansi, Kilimo na Masomo ya Jamii. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa ukiwasukuma walimu wengi kukazania majibu ya kuchagua kuliko shughuli za nje.

Mtaala wa Umilisi, maarufu kama CBC, ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini. Wanafunzi wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wana somo la Shughuli za Mazingira, na kuanzia Gredi ya 4 maudhui hayo yanaendelezwa katika Sayansi, Kilimo na Masomo ya Jamii. Mtaala huo unamtaka mwanafunzi atende, achunguze na aeleze alichokiona.

Aidha, sera ya lugha nchini inaruhusu madarasa ya chini kufunzwa kwa lugha ya eneo la shule. Katika Muhuru Bay hilo si jambo dogo. Mtoto huyajua majina ya samaki, ndege, pepo na mimea kwa Dholuo kabla hajayasikia kwa Kiswahili au Kiingereza. Wazee wa jamii ya Suba wana maarifa ya ziwa yaliyorithiwa kwa karne nyingi, ilhali lugha yao ni miongoni mwa zile ambazo UNESCO imeziorodhesha kuwa hatarini kupotea. Mwalimu anayeanza somo kwa kuwauliza wanafunzi majina ya viumbe wanaowajua huanza na maarifa ambayo tayari yamo darasani.

Ufuo kama maabara

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita 68,800 mraba. Kenya inamiliki asilimia 6 pekee ya eneo hilo, huku sehemu kubwa ikiwa ya Tanzania na Uganda. Licha ya ukubwa huo, ziwa si la kina kirefu, kwani wastani wake ni takribani mita 40 tu. Maji yake mengi hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ukweli huo mmoja unatosha kwa somo zima: ziwa pana lisilo na kina hubadilika upesi kulingana na hali ya hewa na matendo ya watu wanaolizunguka.

Zifuatazo ni mada ambazo zinaweza kuanzia ubaoni na kumalizikia ufuoni, mwendo wa miguu kutoka shuleni.

*Samaki na nyavu.* Mwanzoni mwa karne ya 20, nyavu za kisasa zililetwa ziwani na ngege wakavuliwa kwa wingi kupita kiasi. Uchunguzi uliofanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928 ulionyesha kwamba samaki hao walikuwa wakipungua, akapendekeza matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Kanuni hiyo iliwekwa, kisha ikaachwa katika miaka ya 1950 kwa kuwa ilishindikana kutekelezwa. Wakati huohuo mbuta, samaki mkubwa anayeweza kupita uzito wa kilo 100, aliingizwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ametawala, na aina nyingi za samaki wadogo ambao Waluo huwaita fulu zikatoweka. Wanasayansi wanauhesabu upotevu huo miongoni mwa mikubwa zaidi ya wanyama wenye uti wa mgongo kuwahi kushuhudiwa katika nyakati za kisasa.

Mwanafunzi wa Gredi ya 5 anaweza kulielewa jambo hilo kwa rula tu. Akiwa ufuoni, apime matundu ya nyavu za omena na zile za mbuta, apime urefu wa samaki kumi walioletwa asubuhi hiyo, kisha arudi darasani kuchora jedwali. Mbuta mwenye urefu usiozidi sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa. Je, ni wangapi kati ya hao kumi wamefika kipimo hicho? Swali kama hilo ni hisabati, ni sayansi na ni uraia kwa pamoja.

*Msimu wa kupumzisha ziwa.* Upande wa Kenya, uvuvi wa omena husitishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki hao wazaane. Kwa familia nyingi miezi hiyo ni ya dhiki. Mtoto huuona upungufu wa chakula na fedha nyumbani, lakini asipoelezwa sababu, ataiona sheria hiyo kama adui. Akielezwa kwamba omena huishi muda mfupi na huzaa kwa wingi, ataelewa kwa nini mapumziko ya miezi minne yanaweza kurudisha samaki.

*Uwazi wa maji.* Bamba la mviringo lililopakwa rangi nyeupe na nyeusi, lililofungwa kamba yenye alama za sentimita, linatosha kupima uwazi wa maji. Kifaa hicho kilibuniwa na kasisi wa Kiitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, na wanasayansi wanakitumia hadi leo. Bamba huteremshwa majini hadi lisionekane, kisha kina husomwa. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa maangavu zaidi miaka 100 iliyopita kuliko yalivyo sasa. Mbolea, maji-taka na udongo uliosombwa kutoka mashambani hurutubisha mwani, na mwani ukizidi huziba mwanga na kumaliza oksijeni. Darasa likipima mahali pamoja kila mwezi, kabla na baada ya mvua, litapata kumbukumbu yake lenyewe.

*Gugumaji.* Mmea huu wenye asili ya Amerika Kusini ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia kilele chake karibu na mwaka 1998. Ulipungua kwa msaada wa fukusi maalumu walioachiliwa waule, lakini haujaisha, hasa katika Ghuba ya Winam. Wanafunzi wanaweza kuuweka mmea mmoja kwenye ndoo ya maji shuleni na kuhesabu majani mapya kila wiki. Ndoo hiyo itawafundisha maana ya neno 'kuzaana' kuliko kurasa kumi za kitabu. Jaribio likiisha, mimea hiyo ikaushwe juani na isirudishwe majini.

*Konokono na kichocho.* Vimelea vya kichocho hukua ndani ya konokono wa majini kabla ya kupenya ngozi ya mtu. Hili ni somo la afya na la tahadhari pia. Wanafunzi wasiingie majini kuwatafuta konokono hao. Mwalimu aonyeshe maeneo yenye mimea na maji yaliyotulia akiwa nchi kavu, kisha darasani wajadili kwa nini choo bora ni kinga ya ziwa zima.

*Udongo, mito na dhahabu.* Mto Kuja humwaga maji yake ziwani ukitokea nyanda za juu za Kisii, na mafuriko yake huwahamisha wakazi wa Nyatike mara kwa mara. Mwaka 2020 maji ya ziwa yenyewe yalipanda hadi kiwango cha juu kisichowahi kurekodiwa tangu miaka ya 1960, yakaingia katika nyumba na mashamba ya wakazi wa mwambao. Bara kidogo kuna Macalder, eneo linalojulikana kwa machimbo tangu enzi za ukoloni, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kutenganisha dhahabu na mchanga. Zebaki ni sumu, na ikifika majini hupanda kutoka kiumbe kimoja hadi kingine mpaka imfikie mla samaki. Machimbo si mahali pa kuwapeleka watoto, lakini ramani ya njia ya maji kutoka machimboni hadi ziwani inaweza kuchorwa na darasa lolote.

Ziara za mbali kidogo

Shule inayomudu usafiri ina mahali pengi pa kwenda bila kuvuka mipaka ya Nyanza Kusini. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ina ukubwa wa kilomita 120 mraba na ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huwatoza wanafunzi ada nafuu.

Huko Mbita kuna kampasi ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mbinu maarufu ya kupanda mahindi pamoja na mimea inayowafukuza na kuwavuta wadudu ilikuzwa na watafiti wake. Hapohapo Mbita, kivuko cha mawe na udongo kilichojengwa miaka ya 1980 kuunganisha bara na kisiwa cha Rusinga kilizuia mkondo wa maji, na baadaye kikabadilishwa kwa daraja. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa ujenzi unaosaidia watu kwa njia moja na kudhuru maji kwa njia nyingine.

Katika Kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji na kuorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kwa shule inayoweza kufika Kisumu, kinamasi cha Dunga kinaonyesha jinsi mafunjo yanavyochuja maji na kuwahifadhi ndege.

Mafunzo kutoka kwingine

Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ni mfano unaotajwa sana katika Afrika Mashariki. Eneo lake la matumbawe lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na fedha za watalii hutumika kuwaleta wanafunzi kuyaona matumbawe kwa macho yao. Wengi wao, hasa wasichana, walikuwa wamezaliwa kando ya bahari bila kuwahi kutazama chini ya maji yake. Walimu huandaliwa kwanza, kisha wanafunzi huletwa, na kazi huendelea shuleni baada ya safari.

Nchini Kenya, vijana wanaowaongoza wageni katika msitu wa Kakamega waliunda mpango wa elimu ya mazingira kwa shule jirani katika miaka ya 1990. Huko pwani, mpango wa ASSETS hutumia mapato ya utalii wa Arabuko-Sokoke na Mida Creek kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika jamii zinazopakana na msitu huo. Funzo ni kwamba elimu ya mazingira hushika mizizi pale familia inapoona faida yake.

Muhuru Bay nayo ina taasisi za kuegemea. Shule ya wasichana ya WISER, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, imeonyesha kwamba msichana wa mwambao anaweza kusoma sayansi karibu na kwao.

Jinsi ya kupanga ziara

Ziara yenye manufaa ina hatua tatu. Kabla ya safari, mwalimu huitembelea sehemu hiyo peke yake, huandaa maswali matano au sita, na hupata idhini ya mwalimu mkuu, wazazi na wasimamizi wa ufuo. Wakati wa safari, darasa hugawanywa katika makundi madogo, kila kundi likiwa na mtu mzima, daftari na kazi moja iliyo wazi. Baada ya safari, matokeo huwekwa ubaoni, hulinganishwa na yaliyomo kitabuni, na darasa huamua tendo moja la kufanya, liwe ni kupanda miti, kusafisha ufuo au kuwaandikia barua wasimamizi wa ufuo.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Safari isiyofuatwa na kazi hugeuka kuwa matembezi tu.

Usalama haupaswi kupuuzwa. Kuna mamba na viboko katika ziwa hili, na upepo hubadilika ghafla. Ziara za nchi kavu zinatosha kwa madarasa ya chini. Mashua isitumike bila jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtoto.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni fedha. Mzazi ambaye mashua yake imefungwa kwa msimu hawezi kuombwa nauli ya kwenda Ruma. Kwa sababu hiyo ziara za miguu ndizo zinazopaswa kuwa msingi, nazo safari za mbali ziwe nyongeza. Kikwazo cha pili ni idadi kubwa ya wanafunzi kwa kila mwalimu. Cha tatu ni dhana ya baadhi ya wazazi na walimu kwamba kutoka nje ya darasa ni kupoteza wakati.

Kikwazo cha nne ni kigumu zaidi. Ufuo huohuo unaoweza kuwa darasa ndio unaowavuta wavulana kuacha shule ili wavue, na wasichana ili wauze samaki. Fedha za siku moja huonekana haraka kuliko cheti cha miaka minane au tisa. Elimu ya mazingira haiwezi kuuondoa umaskini huo. Inachoweza kufanya ni kumwonyesha mtoto, kwa hesabu alizozipiga mwenyewe, kwamba samaki wanapungua, na kwamba anayetegemea ziwa peke yake anategemea kitu kisicho na uhakika.

Warithi wa ziwa

Tangu mwaka 2007, kanuni za uvuvi nchini zimewapa wenyeji mamlaka ya kushiriki katika usimamizi kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU. Wanachama huchagua viongozi wao, na hao ndio husaidia kuamua nani avue, wapi na kwa nyavu zipi. Mtoto aliye Gredi ya 5 leo atakuwa mpigakura katika kikundi hicho baada ya miaka michache tu. Huenda akawa mvuvi, mchuuzi wa omena, afisa wa samaki au diwani wa wadi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Rula, kamba, bamba lililopakwa rangi na mwalimu aliye tayari kutoka nje ya darasa ni gharama ndogo ikilinganishwa na ziwa lisilo na samaki.